Nilibonyeza Ushindi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyoni. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama, na kile kikohozi chako kimekuachia. Huku tu wazima. Jicho la Baba limepona, bandeji imetolewa, na tayari ameniambia nimenenepa, kwa hiyo ujue anaona vizuri.

Najua umenuna. Tangu ule mchezo wa mwisho wa sataranji hujaingia tena mtandaoni kucheza na Baba, na ukipiga simu ni salamu mbili tatu basi. Kila jioni Baba anashika simu akikungoja, kisha anasema labda kazi zimekubana.

Sikiliza ilivyokuwa. Siku ile jicho moja lilikuwa limefungwa, na lile la pili unajua halioni hata saa ya ukutani. Nilirudi kutoka saluni miguu imevimba kwa kusuka nikiwa nimesimama, akaniomba nikae, yeye ataje na mimi nibonyeze. Farasi pale, ngome hapa. Katikati ilikuwa ni sifa zako tu: Bingwa ana akili, Bingwa kanitega tena. Mimi ninayempikia, kumfulia na kumtia dawa jichoni sijawahi kupewa jina lolote.

Ulikuwa unashinda, hata mimi niliona. Mara mtandao wako ukakatika, na simu ikauliza kama tunadai ushindi au tunatoa sare. Nikamsomea. Baba hakufikiri mara mbili. Akasema nibonyeze sare, ndiyo makubaliano yenu. Mtu akipotea hewani haibiwi mchezo.

Kaka, nilibonyeza ushindi.

Uliporudi ukamwandikia kwamba hukutegemea hilo kutoka kwake. Niliufuta ujumbe wako, nikamwambia Baba umeshukuru kwa sare na umemtakia usiku mwema. Akatabasamu. Lile tabasamu nalo likaniuma, maana halikuwa langu.

Juzi, jicho likiwa wazi, alifungua michezo yenu ya nyuma akaona ameandikiwa ushindi. Aliniita, akauliza kwa unyonge kama ulimi wake uliteleza. Ningeitikia angeamini. Nikashindwa. Nikamwambia ni mimi.

Akaniuliza, “Ulitaka kumshinda kaka yako?”

Nikamjibu hapana, nilitaka usirudi kucheza naye. Nilitaka jioni zake ziwe zangu.

Akaiweka simu mezani. Kisha akasema, “Miaka yote hii nilidhani mchezo huu unakuchosha.” Akavuta kiti, akapanga kete ubaoni, akaniambia nichukue nyeupe. Alinichapa bila huruma, kaka. Nilipobaki na mfalme peke yake nikaomba sare, akacheka mpaka akafuta machozi, akakataa.

Amesema hatakueleza lolote, kosa langu nilibebe mwenyewe hadi kwako. Basi nimelileta. Nisamehe. Wivu haujaisha, sikudanganyi. Nikisikia “Bingwa” bado nageuka pembeni. Lakini Baba hakukuibia, na sitaki uendelee kuamini kwamba alikuibia hata siku moja zaidi.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Ingia kesho jioni, anakungoja. Ila usiuvute mchezo, kaka. Ukimaliza wewe, ni zamu yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Msusi wa nyumbani