Figo Kwenye Chupa za Korodani

Jumatatu, 3 Machi

Figo! Miaka mitatu nalea figo!

Majibu ya kipimo cha utambulisho yamekuja asubuhi. Jarida lilikataa kuchapisha utafiti wetu mpaka tuthibitishe seli zetu ni za nini hasa. Wiki iliyopita nilicheka – mimi nisizijue seli zangu? Basi, sizijui. Si za korodani. Ni zile za figo, za friji ya pili ya maabara. Ziliingia kwenye chupa za korodani, zikazaana mpaka zikawafukuza wenye nyumba. Na nilivyofurahi zilipoanza kukua haraka! Nilimwambia Profesa zimenizoea.

Miaka mitatu natafuta kimeng'enya kinachopatikana kwenye korodani tu, kile kinachoisaidia mbegu ya kiume kuota mkia. Sikipati. Nimelaumu dawa, nimelaumu joto, nimelaumu umeme. Figo itatoa wapi kimeng'enya cha korodani?

Kaka kaniuliza kama kila jioni: vipi, mikia imeota? Ndio utani wake. Mbegu zake hazina mikia, hospitali iligundua baada ya miaka saba ya ndoa. Leo nimemwambia anikome. Wifi akanipakulia chakula.

Jumanne, 4 Machi

Kikao. Watu watatu: Profesa, mimi, na mtunza seli wetu, Bwana Taratibu. Tunamwita hivyo kwa sababu neno lake ni hilo moja – taratibu, mwanangu. Maji ya lishe ya seli anatengeneza yeye. Funguo za friji anazo yeye. Sasa nani mwingine?

Nikasema. Mbele yake! Nikasema mtu anayetuhubiria kila siku "seli moja, chupa moja; Jumanne korodani, Alhamisi figo", ajitazame mikono yake mwenyewe. Hakupandisha sauti. Alisema tu kila chupa imeandikwa daftarini, tusome. Profesa akasema hana muda wa madaftari.

Sijutii. Mtu akuharibie miaka mitatu, halafu umpigie makofi?

Jumatano, 5 Machi

Bado nawaka. Nimezimwagia jiki chupa zote kumi na nane. Maji yake ya rangi ya waridi yakapauka, nikaona raha. Raha ya dakika mbili.

Bwana Taratibu anaondolewa. Barua Ijumaa. Mfagiaji kaniambia mzee amebakiza miaka miwili astaafu. Nilimuuliza? Sikumuuliza!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshusha madaftari ya zamani ili nimnase. Nilitaka mwandiko wake na tarehe, nimpelekee Profesa, nimalize kazi.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, mwezi wa tatu. Siku umeme ulipokatika, jenereta likawasha kabati moja tu la hewa safi la kufungulia chupa. Imeandikwa: "Korodani na figo kwa pamoja. Chupa ileile ya maji ya lishe. Haraka."

Mwandiko wangu.

Nimeusoma mara tano. Ni ile k yangu yenye mguu mrefu, hakuna mwingine anayeiandika hivyo. Bwana Taratibu siku hiyo hakuwepo hata, alikuwa kwenye mazishi ya dada yake. Nakumbuka alibandika karatasi juu ya kabati kabla ya kuondoka: umeme ukisumbua, ahirisha, usichanganye siku. Nikaona mzee ananichosha. Nilikuwa nawahi nini? Sikumbuki hata nilikuwa nawahi nini!

Mama alimwita wifi tasa miaka saba. Majibu ya kaka yalipotoka hakuomba radhi. Aliuliza tu kama mboga imekolea chumvi. Mimi nilimnunia Mama mwaka mzima, nikamwambia hana haya.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika chooni, ghorofa ya pili. Mlango nimeufunga.

Nilimfuata Profesa mapema, nikamwambia nina jambo kuhusu chupa. Akanikata. Suala la nani alichanganya limekwisha, alisema, na wewe una tasnifu ya kutetea mwezi wa sita. Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Anajua? Kama anajua, ni mshenzi. Na mimi ni nani?

Halafu akaleta fomu ya makabidhiano. Mimi ndiye shahidi. Nisaini chini, na juu ya saini yangu kuna sababu ya kuondolewa: uzembe.

Bwana Taratibu alikuwa anaweka funguo mezani, mmoja mmoja, ananielekeza. Huu wa friji ya pili unakwama, usiulazimishe, uzungushe taratibu. Shati amepiga pasi. Angenitukana! Angepiga meza, angeniita mwongo, ningepona. Ananielekeza funguo! Nikasema tumbo linanisokota, nikabeba begi langu nikatoka.

Daftari liko mapajani. Ukurasa ule wa mwandiko wangu ni mwepesi, umelegea tangu zamani. Nimeujaribu kwa juu – umechanika kiasi cha vidole viwili. Nikaacha. Kalamu ya fomu pia ninayo, nimeondoka nayo mkononi bila kujua.

Mtu anagonga. Si Profesa, ni yeye. Anauliza, mwanangu, uko salama? Anasema nisiharakishe, watanisubiri.