Uso wa Mzee Pole

Kliniki ya Meno,
Chumba cha nyuma,
Jumamosi, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko uliko? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Wifi yangu na yule mtoto ninayemjua kwa picha tu, wote wazima? Sisi huku hatujambo, ila magoti ya mama, ambayo siku hizi yanatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Nakuandikia nikiwa kwenye mapumziko ya mchana. Daktari amekwenda kula, mashine ya kuchemshia vifaa inanguruma polepole, nami nimejilaza kwenye kiti cha wagonjwa naangalia dari. Nisikufiche, barua hii ina ombi moja tu: umpigie baba simu. Najua umeshanuna. Soma kwanza.

Kazi yangu unaijua. Nasimama nyuma ya kichwa cha mgonjwa na kale kabomba ka kunyonya mate, kwa hiyo watu wote nawaona kichwa chini, mdomo juu na macho chini. Ukizitazama nyuso hivyo miaka nenda miaka rudi, anayecheka na anayelia wanakaribia kufanana. Wakati mwingine nikitoka kazini natembea kama mtu ambaye usingizi haujamtoka, natazama wapita njia, nastaajabu jinsi kila mmoja anavyoamini kwamba anajua mwenzake anawaza nini. Hata mimi niliamini hivyo.

Sasa tuje kwa baba. Ulipoondoka ndiyo kwanza alikuwa amepata udiwani, na watu wakamkalisha vipindi viwili. Walimbatiza Mzee Pole kwa sababu ya uso wake. Mtu akianza kueleza shida yake, mtaro umeziba au mume amefukuzwa kazi, baba alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo, jicho la kushoto linafumba, shavu linakaza, kisha anaegemeza kichwa kwenye kiganja. Mwenye shida aliondoka hajatatuliwa lolote, lakini moyo mweupe. "Diwani ameumia kuliko mimi mwenyewe," walikuwa wanasema. Na kweli aliumia, Kaka. Alikuwa na gego lenye ufa.

Miaka kumi! Mtu asiyeogopa mkubwa yeyote, anaogopa sindano ya ganzi. Alitafunia upande wa kulia akanyamaza, na binti yake anafanya kazi kwa daktari wa meno. Miezi mitatu kabla ya uchaguzi shavu likavimba kama ameficha limau, ndipo akajileta mwenyewe. Nilimshika mkono. Daktari aling'oa, akainua koleo kwenye taa, akatuonyesha ule ufa. "Basi? Imekwisha?" baba akauliza, mdomo umejaa pamba. Akalia kidogo, kwa raha.

Tangu siku hiyo uso wake ukafunguka. Ungemwona! Macho maangavu, mashavu yametulia, na mimi nikawa napenda kukaa tu nikimtazama anavyokunywa chai. Kazi nayo alifanya kuliko zamani, maana sasa aliwasikia watu badala ya kulisikiliza jino. Bomba la sokoni, lililokauka miaka miwili, lilitoa maji ndani ya wiki tatu.

Lakini kwenye mkutano wa sokoni, fundi cherehani mmoja alikuwa anaeleza jinsi vibanda vyao vilivyoungua, akajikatiza katikati. "Diwani, mbona unatucheka?" Baba hakuwa anacheka. Alikuwa anasikiliza, uso mkunjufu, kama alivyoumbwa. Kesho yake maneno yakazagaa kwamba Mzee Pole ameshiba, amebadilika, hana tena uchungu na watu.

Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwenye uso wa aliyetoka kusahihisha madaftari mabaya tangu azaliwe. Picha zake zilijaa ukutani. Watu wakipita wanatikisa kichwa kwa huruma, wanasema huyu ndiye anayetujua. Sikumsikia hata mmoja akiuliza atafanya nini.

Wapambe wakamsimamisha baba mbele ya kioo cha sebuleni ajifunze upya ule uso wa zamani. Jaji akawa mama. "Hapo tumbo limejaa gesi," anamwambia. "Hapo unataka kupiga chafya." Tulicheka hadi mama akashika ubavu. Baba naye alicheka, kisha akakaa chini, akasema hawezi kuwaigizia watu maumivu. Alishindwa kwa kura arobaini na moja.

Hakumlaumu mtu. Siku ya tatu baada ya matokeo akaniita. "Hivi miaka yote ile walinipenda mimi, au walipenda jino?" Mama, aliyekuwa anakunja nguo, akadakia: "Jino halikuwahi kwenda hospitali kumjulia hali mgonjwa wa mtu." Baba akaitikia kwa kichwa. Halafu akauliza jambo lililonikata maini. "Na mwanangu je? Siku ile yeye aliona nini?"

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Ulisimama karibu na meza ya chakula, ukasema umeacha chuo cha sheria, unakwenda mbali kujifunza useremala. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemmiminia baba maji ya friji. Akanywa funda moja, uso wote ukamkunjamana kama aliyeona uchafu, nawe ukachukua begi lako. Ningekuwa wewe, hata mimi ningelichukua. Miaka tisa nimekuwa nikiamini ulichoamini wewe, na maji nilimpa kwa mkono wangu.

Sitaki kukudanganya kwamba lilikuwa jino tupu. Baba alitaka uwe wakili, na ubishi wake unaujua, na tangu hapo angeweza kukuandikia hata mstari mmoja. Nilimuuliza aliwaza nini. Anasema uso wake hakuuona, hivyo hawezi kuusemea. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa anangoja maumivu yapite ili akuulize huyo atakayekufundisha useremala ni nani, na kama ni mtu mwema. Yalipopita, mlango ulikuwa umeshafungwa, naye akaona haya kukukimbilia barabarani.

Siku hizi kila asubuhi anashika simu, anaitazama, anairudisha mezani. Nilitaka nimpigie kwa video ili muonane, akakataa katakata. Anasema uso huu umeshamponza ulipokuwa unauma, ukamponza tena ulipopona, na kwako wewe hataki kubahatisha.

Mama anakusalimu, na anauliza kama unakula. Shangazi anasema kiti ulichomwahidi bado anakisubiri, na kwamba yeye hazidi kuwa kijana. Mbusu mtoto mashavu yote mawili kwa niaba yangu, msalimie wifi. Mola awafunike kwa rehema zake, akulindie mikono yako na hiyo misumeno.

Mpigie, Kaka. Sauti tu. Uso wake utauona ukija.

Wako nikupendaye, hata ukininunia,
Mdogo wako.