Walimtoa Kidege Kwenye Somo la Mawimbi

Juu ya karakana ya seremala,
Ghorofa ya kwanza.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa? Na wifi yangu, mgongo umempa nafuu? Sisi huku ni wazima wa mwili. Moyo wangu ndio unaotokota, na nikimwandikia mtu mwingine nitamtukana bure. Vumilia wewe uliyenizoea.

Ni habari ya mpwa wako, Kidege. Unakumbuka ulivyocheka alipokuwa mdogo, akibandika kiganja ukutani na kutuonyesha kwa ishara kwamba seremala wa chini amewasha msumeno? Masikio hayakumwambia kitu tangu azaliwe, lakini ukuta ulimwambia. Sasa ni msichana mkubwa na mwaka huu amechagua sayansi.

Jumatatu ya wiki jana alirudi nyumbani mapema, macho yamevimba. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameanza mada ya mawimbi, akamwelekeza aende maktaba mpaka mada iishe. Eti mada ni ya sauti, na sauti haimhusu.

Haimhusu! Nilikuwa nashona gauni la mteja, nikajidunga sindano.

Jioni ile dada yake alifungua kitabu, tukafunga kamba ya kuanikia nguo kwenye kitasa cha mlango. Kidege akafunga utepe mwekundu katikati. Alipoitikisa kamba, nundu ilikimbia hadi mlangoni, ikagonga, ikarudi ikiwa imepinduka. Utepe ulipanda na kushuka tu, haukwenda popote. Basi wimbi linabeba nguvu, kamba yenyewe inabaki pale pale. Akaikaza, nundu ikaenda mbio zaidi. Akaitikisa harakaharaka kwa mpigo usiobadilika mpaka kamba ikafanya matumbo mawili, na kati yake pana mahali pametulia kabisa. Akapagusa kwa kidole, akacheka kwa nguvu, kile kicheko chake asichowahi kukisikia.

Sasa niambie, Kaka, hapo sikio liliingia wapi?

Asubuhi nikafika shuleni, futi ya kupimia nguo bado ikiwa shingoni. Mwalimu nikamkuta ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mama, nilimwonea huruma," akasema. "Sikutaka ajisikie vibaya mbele ya wenzake."

"Ulimuuliza?"

Akageukia madaftari yake mezani.

"Na hao wengine, nani kati yao amewahi kuliona wimbi la sauti likipita hewani? Mbona wenye macho hujawatoa darasani?"

Mwalimu mkuu akanisihi nikae, nipunguze ukali. Nikamwambia sikai wala sipunguzi. Akasema nielewe, mwalimu ana nia njema. Nia njema! Kaka, nimechoshwa nayo. Kwa nia njema shule ile ya kwanza ilimkataa. Kwa nia njema shangazi yake alitaka afundishwe kufuma na basi. Bila somo hili hafanyi jaribio la mwisho wa mada, na bila jaribio anaondolewa kwenye sayansi. Ni huruma gani hiyo inayomfungia mtoto mlango?

Sikuondoka mpaka waliponiahidi atarudi darasani.

Na akarudi. Sitamnyima mwalimu haki yake: alianza mada upya. Alileta springi ndefu, Kidege akashika upande mmoja. Mwalimu akasukuma upande wake, pete zikabanana, na ule mbano ukasafiri hadi mikononi mwa mtoto. Akamwandikia ubaoni kwamba hivyo ndivyo sauti inavyopita hewani, chembe zinasukumana kisha zinarudi mahali pake. Halafu akagonga uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili kinachotetema kikigongwa, akausimamisha mezani. Kidege akainama, akaweka paji la uso juu ya mbao, akafumba macho. Anasema baada yake darasa zima lilitaka kuinama, wakasukumana wao kuliko hizo chembe.

Lakini mwalimu radhi hajaomba mpaka leo. Tukikutana getini anasalimia viatu vyangu.

Jana wamerudishiwa jaribio. Kidege alichanganya urefu wa wimbi, toka nundu hadi nundu, na kimo cha nundu yenyewe, akapigwa kosa jekundu, kubwa, la kuonekana toka mlangoni. Alikuja nalo amefura, akitaka niende nikamgombeze mwalimu tena. Nikamwambia kwa ishara: hili ni lako mwenyewe, kalisome. Akaubamiza mlango wa chumba chake mpaka vijiko vikatikisika kabatini.

Nikakaa kwenye cherehani, Kaka, nikacheka huku nalia. Amekosa kama wenzake, na hakuna aliyemhurumia.

Nisalimie wifi na wale pacha watundu. Mama anakuombea, na dada yake Kidege anasema hujajibu ujumbe wake. Mungu akulinde na baridi ya huko na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mdogo wako, mwenye hasira na mapenzi tele,

Mama Kidege