Tarehe ya Kuokoka Niliyoitunga

Kibomet, Kitale. Jumapili, Agosti 2006. Mvua imenyesha tangu saa nane usiku, baridi imeingia hadi mifupani, nami nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

"Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama na akina baba, vijana, nanyi watoto mlioketi mbele: nawasalimu katika jina la Bwana." Hivyo ndivyo nilivyoanza kuhubiri asubuhi, kama kawaida yangu. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka kumi na sita.

Nikasema kweli.

Katika kanisa letu, anayetaka kutumika hujaza fomu, na fomu huuliza tarehe aliyookoka. Mimi ndiye katibu wa baraza la wazee. Swali hilo nililiandika mimi. Nekesa, mwalimu aliyehamia huku kutoka Bungoma, aliomba kuwafundisha watoto shule ya Jumapili. Mstari wa tarehe akauacha wazi. Jumatano tukamwita, naye akatueleza kwamba amemwamini Yesu tangu utotoni.

"Binti yangu," akasema Mzee Wafula, mwenyekiti wetu, "hata ndama wangu nina siku aliyozaliwa."

"Uliyeiandika ni wewe, baba. Ndama mwenyewe anaikumbuka?"

Tulicheka, lakini hatukulegea. Alete tarehe kabla ya Jumapili, ama arudi darasa la waongofu wapya.

"Nikitunga tarehe," akauliza kwa upole, "hao watoto nitawafundisha nini?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu tarehe yangu mwenyewe niliitunga.

Nilikuwa chuo cha ualimu, nikitamani uongozi katika umoja wa wanafunzi Wakristo. Kila mgombea alisimama na kuitaja siku yake, na wenzangu walikuwa na siku za kutisha: ajali, magonjwa, radi. Mimi nilikuwa na mama tu, kule Bungoma, akichambua maharagwe huku akiomba kwa sauti na kututaja mmoja mmoja. Imani iliniingia pale, polepole. Sikumbuki siku ambayo sikuwa nayo, na jambo hilo nililionea haya. Basi nikachagua Jumapili moja ya Agosti, nikaishuhudia tangu hapo, nikiongeza machozi kidogo kila mwaka.

Wiki hii nimerudi kwenye Maandiko kama mwanafunzi. Paulo anayo siku yake kwenye njia ya Dameski, na mwanga juu. Timotheo ana bibi na mama waliomtangulia katika imani, naye ameyajua Maandiko tangu utoto. Siku yake haikuandikwa popote. Paulo hamdai. Tena huyo huyo Paulo anawafundisha Waefeso kwamba wokovu ni kipawa cha Mungu, ili mtu asijisifu. Toba ni lazima, imani ni lazima. Lakini anayeokoa ni Kristo, wala si ubora wa kumbukumbu yangu. Nilikuwa nimeipokea zawadi, kisha nikaitungia risiti.

Hayo yote niliyasema mimbarani.

Mzee Wafula akainuka. Nilijua nimekwisha.

"Mwalimu, umetuanika wengi. Siku niliyoandika mimi ndiyo niliyoacha pombe ya busaa." Akakohoa. "Alhamisi yake nikairudia."

Kanisa zima lilipasuka kwa kicheko. Mke wake ndiye aliyecheka zaidi, na Nekesa alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Sijawahi kuona toba ikishangiliwa hivyo.

Baada ya ibada baraza likaketi. Nikaomba kujiuzulu. "Ukimbilie wapi?" akasema Mzee Wafula. "Kaa hapo uandike fomu nyingine."

Nikatumwa kuwatangazia washirika, nami nauweka uamuzi huo hapa pia, kwa wale waliozuiwa na mvua. Nekesa anaanza kuwafundisha watoto Jumapili ijayo. Mstari wa tarehe umefutwa. Kila mshirika, wazee wakitangulia, achukue fomu mpya kwangu na kuirudisha kabla ya siku hiyo, akiwa amejibu swali moja tu:

Unamtegemea nani akuokoe?