Kikohozi cha Korola

Kitaya, 4 Agosti 2024

Mpwa wangu Nelio,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe na watu wote wa Rahaleo, huko Mtwara mjini? Sisi tupo, ila mkaza mjomba wako Odete moyo unamsumbua, na miguu imevimba tena. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu imenishinda: masikio yangu hayasikii, na maandishi yake madogo kama chawa. Barua hii anakuletea Hemedi wa lori.

Shida yangu ni lile gari, Korola yetu ya zamani. Asubuhi linawaka vizuri, likisimama linatulia, na tambarare linakwenda. Lakini nikifika mlima wa kutoka huku bondeni, nikakanyaga mafuta mpaka chini, linasita. Linavuta, linaacha, linavuta, linaacha. Mwezi uliopita lilizimika katikati ya mlima, na kliniki ya Mtwara ikatupita. Kwenye basi Odete anakosa pumzi, na daktari amesema safari hii, tarehe ishirini na tisa, asikose kabisa. Wewe ndiye fundi wa ukoo. Niambie gari lina nini.

Ni mimi mjomba wako,
Feliciano

Rahaleo, 8 Agosti 2024

Mjomba,

Milele amina, na shikamoo. Mpe pole nyingi mkaza mjomba, mwambie namwombea. Huku tu wazima, kazi tu, magari ya bandarini yamejaa gereji.

Gari linalosita likikanyagwa lina njaa. Ama linakosa mafuta, ama hewa, ama moto wa plagi. Usinunue kitu kwanza. Fungua filta ya hewa uikung'ute. Nimempa Hemedi chujio jipya la mafuta, ulifunge. Kisha panda mlima, unijibu: linasita zaidi likiwa baridi au likishachemka? Linakohoa mbele kwenye kabureta au nyuma kwenye sailensa? Moshi una rangi gani? Najua husikii, kwa hiyo kazi hiyo mpe mkaza mjomba.

Mpwa wako,
Nelio

Kitaya, 15 Agosti 2024

Fundi wetu wa mjini,

Marahaba. Umeamkaje huko? Sisi leo afadhali. Filta nimeikung'uta, likatoka vumbi la salfa la kutosha kupulizia mkorosho mzima. Chujio nalo nimefunga. Gari limepata nafuu kidogo, lakini bado linasita, na zaidi likishachemka.

Kuhusu kikohozi, tumefanya hivi. Odete alikaa pembeni yangu, mkono wake begani kwangu. Kila akisikia gari linakohoa ananigonga kwa kidole, nami napunguza mguu kabla halijazimika. Vikohozi vikubwa navihisi mwenyewe, vile vidogo ni yeye tu anavijua. Alinigonga mpaka bega likauma! Anasema linakohoa nyuma, kwenye sailensa, kama mzee aliyepaliwa na ugoro. Moshi ni wa buluu na unanuka. Alicheka njia nzima, hata nikasahau kuwa anaumwa. Anasema sasa yeye ndiye fundi, wewe utingo wake.

Mafuta usiwe na shaka, yapo. Tulipomaliza kupulizia mikorosho lilibaki dumu zima la mafuta ya ile mashine ya kupulizia, nami nimekuwa nikiyatia kwenye gari kidogo kidogo, yasije yakaharibika.

Mjomba wako,
Feliciano

Rahaleo, 20 Agosti 2024

Mjomba!

Shikamoo. Habari za kuuguza? Nilipofika mwisho wa barua yako nilipiga kelele, gereji nzima ikageuka. Petroli ya mashine ya mikorosho imechanganywa na oili! Plagi zako zimelowa. Ukienda polepole cheche inatosha, ukikanyaga inashindwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, mjomba, ungelitaja hilo dumu toka mwanzo.

Mwaga yote yaliyomo kwenye tangi, utie petroli safi, ufunge plagi hizi nne anazoleta Hemedi. Ningekuja mwenyewe, lakini tumefungua injini ya lori la watu na tajiri hanipi ruhusa. Mkipanda mlima uniandikie mkaza mjomba amesema nini. Mwambie utingo wake anangoja jibu.

Mpwa wako,
Nelio

Kitaya, 17 Novemba 2024

Mpwa wangu Nelio,

Natumaini u mzima. Mimi nipo. Ulipokuja kumzika mkaza mjomba wako nyumba ilijaa watu, ukaniuliza mambo sikuyasikia, nikawa naitikia kwa kichwa tu. Watu wameshaondoka. Sasa nakujibu.

Plagi nilizifunga kama ulivyosema. Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa tukatoka, mkono wake begani kwangu kama kawaida. Chini ya mlima nikakanyaga mpaka mwisho, nikangoja kidole. Hakunigonga. Tukapita pale gari lilipozimikia, bado hajanigonga. Nelio, nilifurahi mno, nikaanza kuimba. Tulipofika juu nikageuka nimwambie kwamba gari limepona. Vidole vyake vilikuwa bado vimenasa kwenye kola yangu, lakini kichwa kilikuwa kimelalia dirisha. Odete alikuwa ameshakwenda.

Nikageuza, nikamrudisha nyumbani. Kushuka hakutaki mafuta, ni breki tu. Tangu siku ile sijaliwasha.

Kuna jambo linanila, na nikimwambia mtu mwingine ataniona nimechanganyikiwa. Mguu wangu uliniambia gari limepona, lakini vikohozi vidogo mimi sivijui. Kama gari lilikohoa naye hakunigonga, basi alinitoka kule chini, nami nilikuwa naimba peke yangu. Kama halikukohoa, basi yawezekana alikuwa ananisikiliza mpaka karibu na juu, akanyamaza kwa sababu hakukuwa na la kuniambia.

Njoo, mpwa wangu. Usilete plagi, usiguse kabureta, liache lilivyo. Ukae kwenye kiti chake, uweke mkono begani kwangu, tupande. Likikohoa, nigonge. Usinionee huruma.

Mjomba wako,
Feliciano