Alteneta Mpya ya Shemeji

Shoga, nina hasira hizo!

Lile lori la marehemu baba limenizimikia katikati ya makutano ya barabara. AC inapuliza, taa zinawaka, mara kimya. Betri haina kitu!

Si shemeji, mdogo wa mume wangu, aliapa kanifungia alteneta mpya, ile ya kuchaji betri, kubwa ya kuhimili AC? Akanionyesha, inang'aa kama sufuria ya dukani!

Nimefungua boneti, nikaikwangua kwa ufunguo. Rangi! RANGI, shoga! Chini yake, ile alama aliyochora baba kwa msumari. Alteneta ILEILE ya zamani!

Nimempigia. Unajua kanijibu nini?
"Shemeji, AC washa mchana, taa washa usiku."

Ati!

Nikamwambia aje alisukume lori mwenyewe. Sasa hivi yuko nyuma, anasukuma, jasho linamtiririka.

Breki sijaiachia.