Nani Apigiwe Simu Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya asubuhi. Nimeosha wazee sita wa watu, kisha mabasi mawili hadi hospitali kumwosha wangu. Wauguzi wanasema wataosha wao. Sisubiri. Mami bado analishwa kwa mrija wa tumboni. Ulimi mzito tangu kiharusi, lakini akili iko palepale. Neno la kwanza aliponiona: "Mama amekuja?"

Anamaanisha Wangari, mdogo wangu. Kule kwetu tulikotoka, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama. Kwa hiyo Wangari ni mama yake, na amemwita hivyo tangu akiwa mchanga. Mimi nina jina la mama mkwe aliyemnyima raha miaka ishirini. Nina miaka hamsini na mbili na bado linaniuma.

Jumatano, 5 Machi

Afisa wa ustawi kasema wazi: Mami hawezi kurudi nyumbani kwangu, mtaa wa Kingstanding. Mrija, dawa, kugeuzwa kila baada ya saa chache. Anahitaji muuguzi mchana na usiku. Nyumba mbili za wazee zenye wauguzi zina nafasi. Moja ni dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu, halmashauri inalipa yote. Ya pili iko mji jirani wa Solihull, upande wa Wangari, na ina nyongeza ya kila mwezi ambayo lazima ilipwe na jamaa.

Wangari hakusita. "Hiyo top-up nita-pay mimi. Wewe chagua tu, Nyokabi, hii kazi unaijua."

Alisema mbele ya Mami. Mami akamshika mkono, akalia. Mimi nilikuwa nimeshika beseni.

Alhamisi, 6 Machi

Wivu. Naandika neno lenyewe nisilizunguke.

Jumamosi, 8 Machi

Nimedanganya. Nimemwambia Wangari nimewahi kufanya zamu kule Solihull na wauguzi ni wavivu. Zamu nimefanya kweli, nne. Wagonjwa wanageuzwa kwa wakati, midomo inasafishwa, hakuna harufu. Ni hapa karibu na kwangu ndipo kengele hulia mpaka mgonjwa achoke kuibonyeza. Nimeisikia kwa masikio yangu.

Wangari kaniamini papo hapo. Akashukuru. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii chawa ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Wangari kaja na maua. Wodini maua hayaruhusiwi, yakabaki garini. Mami akayasifu hata hivyo. Maua ambayo hajayaona! Nimemkata kucha za miguu, hakuna aliyesema kitu.

Tusipotia sahihi, Ijumaa chumba cha Solihull kinapewa mtu mwingine. Ninyamaze siku nne tu.

Jumatano, 12 Machi

Tulikuwa wawili, nampaka mafuta mgongoni. Akaniuliza, polepole, neno moja moja: "Nyokabi, wewe umefanya kazi kwa hizo nyumba zote. Ungekuwa mimi, ungelala wapi?"

Hakumtaja Wangari, Mama yake. Aliniuliza mimi.

Nimefunga kopo la mafuta, nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Halafu nikamjibu: Solihull. Halafu nikampigia Wangari nikamwambia yote, pamoja na sababu.

"Yaani ni hilo jina? Kwani nilijipa mimi?"

Hakujipa. Najua.

Ijumaa, 14 Machi

Tumetia sahihi. Chumba tumekipata zikiwa zimebaki saa sita tu kipewe mwingine. Wangari hakuniangalia. Sahihi yake ndiyo iko kwenye karatasi ya nyongeza, na nimeitazama kuliko nilivyopaswa.

Jumapili, 23 Machi

Mabasi mawili tena. Chumba kina dirisha la bustani. Nimekagua visigino vya Mami kabla hata sijakaa: hakuna kidonda.

Muuguzi, dada wa Kitanzania, alikuwa akijaza fomu. Akamuuliza kwa upole: "Shikamoo bibi. Hali ikibadilika usiku, nani tumpigie simu kwanza?"

Mami hakufikiri. "Nyokabi. Mama aachwe alale."

Nimelirudia hilo kichwani njia nzima. Sijui kama ni upendo au ni zamu nyingine. Nimepandisha sauti ya simu mpaka mwisho, nikaiweka kando ya mto.